Mzazi karudi nyumbani: funua kanga kwanza

Watu wanaokuja zahanati kumchukua mzazi huniuliza swali lilelile kila siku: "Sista, tumpe nini?" Mama mkwe anataka dawa ya kusafisha tumbo. Mume anataka orodha ya kwenda nayo dukani. Bibi anataka kujua mtoto alambishwe nini wakati huu maziwa "hayajashuka". Miaka 22 ya ukunga, mingi yake kwenye zahanati za upande wa Chamwino, na sijawahi kuulizwa, "Sista, tukifika nyumbani tutazame nini?" Na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Vya kuwapa mzazi na mtoto wake ni vichache mno. Vya kutazama ni vingi.

Kwa hiyo nakuandikia wewe utakayekaa naye, uwe mama yake, mkwe, wifi au mume mwenyewe. Hesabu yangu ni ya wiki 6, yaani siku 42, zile mnazoziita arobaini.

Kutazama nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, zamu ya usiku, peke yangu, wazazi watatu wodini na mwingine uchungu umepamba moto. Nikapita kwa mmoja aliyekuwa amejifungua saa moja nyuma, kajifunika kanga mpaka shingoni. "Unajisikiaje, mama?" "Nzuri tu sista, usingizi." Nikaandika kwenye faili kwamba hali ni nzuri, nikakimbilia kwa yule wa uchungu. Niliporudi, kabla sijaona chochote nilisikia: to, to, to, kitu kinadondoka kwenye sakafu. Damu ilikuwa imejaa juu ya mpira wa kitanda, ikapata njia ya ukingoni. Yeye bado anasema nzuri, ila midomo imekuwa myeupe. Alipona, kwa sindano, kwa dripu, na kwa gari lililokubali kuja usiku ule. Tangu hapo neno "nzuri" silipokei mpaka nifunue kanga, na wewe usilipokee. Mwanamke wa kwetu hata akiwa anazimia atakwambia nzuri, ndivyo alivyolelewa.

Damu

Baada ya kujifungua damu ni lazima itoke. Siku 3 au 4 za kwanza ni nyekundu, kama hedhi nzito. Halafu inapauka, inakuwa ya kahawia au waridi, mwisho ni majimaji meupe au ya njano yanayoisha taratibu ndani ya wiki 4 hadi 6. Akiinuka baada ya kulala muda mrefu, au akinyonyesha, itachuruzika zaidi kidogo, hilo lisikutishe. Unachotaka kuona ni leo iwe pungufu kuliko jana. Ikishapauka kisha ikarudi nyekundu kidogo siku ya kumi na kitu, mara nyingi utakuta alikimbilia ndoo na jembe mapema, apumzike. Lakini ikirudi kwa wingi, au ikiwa na harufu mbaya, au ikiambatana na homa, basi huenda kuna kipande cha kondo kilichobaki ndani au tumbo la uzazi limepata maambukizi. Hakuna mizizi inayotibu hilo.

Hesabu pedi. Wengi kijijini wanatumia vipande vya kanga, na sina neno, mradi vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani mbele ya macho ya watu. Aibu ya kuvificha uvunguni vikiwa na unyevunyevu ndiyo inayoleta maambukizi. Pedi kubwa au kitambaa kizima kikilowa chepechepe ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge ya damu makubwa kama yai, hiyo ni dharura, ita gari. Na wakati gari linakuja kuna kitu mikono yako inaweza kufanya.

Mlaze chali. Kama anaweza kukojoa, akojoe kwanza, kwa maana kibofu kilichojaa kinalizuia tumbo la uzazi lisijikaze. Weka kiganja chini ya kitovu chake, bonyeza taratibu mpaka uhisi kitu cha mviringo. Siku ya kwanza kinafika usawa wa kitovu hivi, kisha kila siku kinashuka kama upana wa kidole kimoja, na ikifika siku ya 10 hadi 14 hukipati tena kwa mkono. Kikiwa kigumu kama embe bichi, vizuri. Kikiwa laini kama embe lililopondeka, au hukipati kabisa wakati ni siku ya kwanza na damu inamwagika, sugua kwa kuzungusha kiganja mpaka ukihisi kinakaza chini ya mkono. Wakati huohuo mwekee mtoto titi mdomoni, kwa sababu kunyonya nako kunalikaza tumbo la uzazi. Hili nimewafundisha kina mama wakwe wengi kwa kuwashika mkono na kuuweka mahali penyewe, na karibu wote husema neno moja: "Kumbe!"

Usisugue lililo gumu. Likishakaza, liache.

Ugomvi wangu na kina bibi

Namaanisha maji ya moto. Unajua inavyokuwa: sufuria inachemka mafigani, bibi anachovya taulo, analikamua huku anapuliza vidole, kisha anambandika mzazi tumboni na kukandamiza kwa uzito wake wote. Mzazi kauma pindo la kanga. Wanasema damu chafu iliyoganda lazima itoke, na tumbo lisipokandwa litabaki kama la mimba.

Nimempokea binti wa miaka 19 ambaye ngozi ya tumbo ilikuwa inachunika kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Alikuja kwa sababu ya kidonda, siyo kwa sababu ya uzazi; uzazi wake ulikuwa umekwenda salama kabisa. Tumbo la uzazi linajikaza lenyewe. Yale maumivu ya kukata yanayokuja akinyonyesha, hasa kwa uzazi wa pili na kuendelea, ndiyo hayo, linajikaza. Vidonge vya panadol vinatosha. Na aliyefanyiwa operesheni akikandamizwa hivyo mshono unaweza kufumuka.

Lakini bibi simfukuzi, ndiye mwenye nyumba. Nikifika namwamkia kwanza, mbukwenyi, nakaa, nakunywa maji. Kisha namwambia: akande mgongo, akande miguu, maji yawe ya uvuguvugu ambayo kiwiko chake mwenyewe kinayavumilia. Mzazi atafurahi, amechoka kweli. Mkaja ukifungwa kwa kulegea hauna dhara, ukimbana pumzi ufunguliwe.

Aliyechanika au kuongezewa njia ajisafishe kwa maji safi na sabuni kila atokapo chooni, kutoka mbele kwenda nyuma, abadilishe pedi kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Asikalie maji yenye dawa za kusafishia sakafu. Nimeyaona hayo pia. Wa operesheni, tazama mshono wake kila siku mchana kweupe: ukiwa mwekundu kuzunguka, ukivimba, ukitoa maji au usaha, arudi. Na kwa wiki 6 asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hapa kwetu ambapo maji yanafuatwa mbali, mwenye kuyafuata wiki hizo ni wewe unayesoma.

Titi

"Maziwa hayajashuka" ndiyo sentensi iliyoingiza uji, maji ya sukari na hata chai kwenye midomo ya watoto wa siku mbili. Acha nikueleze. Siku ya kwanza na ya pili yanatoka yale mazito ya njano, dang'a. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto nalo ni dogo. Mnyonyo mmoja wa siku ya kwanza ni kama kijiko cha chai. Kati ya siku ya 2 na ya 4 ndipo maziwa mengi yanaingia, na yanaingia kwa kuitwa: mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Ukimpa maji ya sukari anashiba, halii titi, na titi lisiponyonywa linajua halihitajiki.

Usipime maziwa kwa kilio cha mtoto. Pima kwa nepi. Siku ya kwanza akikojoa mara moja inatosha, ya pili mara mbili, na kuanzia siku ya 6 uhesabu mara 6 au zaidi. Choo kinaanza cheusi kinachonata kama lami, kinageuka kijani, na siku ya 4 au 5 kiwe cha njano. Mtoto anapungua uzito siku za mwanzo, mpaka sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na anaurudisha kabla ya wiki mbili. Mizani ikionyesha hivyo usimlaumu mama.

Chuchu zikipasuka, tatizo karibu kila mara ni jinsi mtoto alivyowekwa. Kaa karibu naye utazame, usimwelekeze kutoka mlangoni. Kichwa na mwili wa mtoto viwe kwenye mstari mmoja, tumbo lake liguse tumbo la mama, pua ielekee chuchu. Mama amguse mdomo wa juu kwa chuchu na asubiri. Asubiri! Mtoto atafungua kidogo, usikubali; atafungua tena, mpaka afungue kama anayepiga miayo, hapo ndipo mama amlete mtoto kwenye titi kwa haraka, siyo titi kwa mtoto. Akishika vizuri utaona kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Mashavu yamejaa. Unasikia anameza, kimya kimya. Ukisikia mlio wa kubonyeza ulimi, au mama akikunja uso, hajashika. Mama aingize kidole kidogo safi pembeni ya mdomo kuachanisha, aanze upya. Asivute, kuvuta ndiko kunakopasua.

Titi likijaa na kuwa gumu kama jiwe siku ya tatu, akamue kidogo kwa mkono mpaka weusi ulainike, ndipo mtoto aweze kushika. Likiwa na sehemu nyekundu, lina moto na mama anatetemeka kwa homa, aende kituoni huku anaendelea kunyonyesha titi hilohilo. Wengi wanaliacha wakidhani maziwa yameoza, na usaha unatunga.

Kama mama anatumia ARV, ananyonyesha na anaendelea na dawa zake. Mtoto anapewa dawa yake ya kinga kama alivyoandikiwa na anapimwa wiki ya 6. Wewe huenda hujui hali yake na si lazima ujue. Ukikuta chupa ya dawa ya mtoto mkobani, usiulize mbele ya wageni.

Kitovu kinachoogopwa

Kuna imani, nimeikuta hapa na kwingine nilikofanya kazi, kwamba kitovu cha mtoto wa kiume kikidondokea sehemu zake za siri atakuwa hanithi. Basi mama anakifunika na nepi, na kitambaa, na nepi tena, mpaka kinaoza kwa jasho na mkojo. Wengine wanakipaka kitu kikauke haraka: majivu, unga, poda, mate, na kwa wafugaji mavi ya ng'ombe. Mavi na udongo vinabeba vijidudu vya pepopunda. Nimewahi kumwona mtoto wa siku saba aliyekaza taya, hawezi kunyonya, mwili mzima unajikunja kila mlango ukigongwa. Sitaki kumwona mwingine.

Usipake kitu. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa, kunja nepi chini ya kitovu kipate hewa, kikilowa mkojo kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na ukikaushe. Kitadondoka chenyewe, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 15. Kwa mama mwenye hofu ile simwambii "huo ni ujinga". Namwambia: kikianza kulegea mvalishe nepi yake kama kawaida, kitadondokea juu ya nepi, na roho yako itatulia. Ngozi kuzunguka kitovu ikiwa nyekundu, ikivimba, au kikitoa usaha, huyo anahitaji dawa ya sindano leo, usisubiri kesho.

Baridi, joto, vumbi na moshi

Wanaotoka Dar hawaamini kwamba Dodoma ina baridi. Waje Juni au Julai, saa kumi na moja alfajiri. Mtoto mchanga anapoa haraka kuliko unavyodhani: asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na baada ya hapo aogeshwe mchana, haraka, chumbani, taulo likiwa tayari limetandikwa. Gusa nyayo zake, kisha gusa tumbo. Nyayo za baridi na tumbo la joto: mwongeze nguo, kofia na soksi. Nyayo na tumbo vyote baridi: mvue, abaki na nepi na kofia, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mfungeni pamoja kwa kanga na blanketi juu. Asipopata joto ndani ya saa moja, au akiwa amelegea, ni hospitali, na anasafirishwa hivyohivyo kifuani.

Njia hiyo ya kifuani ndiyo tunayoiita kangaruu kwa watoto njiti. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, madaktari walipoishiwa mashine za joto. Muhimbili ilikuwa moja ya hospitali zilizoshiriki kwenye utafiti uliotoka mwaka 2021, ulioonyesha kwamba watoto wadogo wakianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja wapate nafuu kwanza, vifo vyao vinapungua kwa robo. Kwa hiyo mama wa njiti akirudi nyumbani na mtoto kifuani, mchana na usiku, asichekwe. Badilishaneni naye. Kifua cha baba nacho kina joto.

Kamwe usiingize jiko la mkaa chumbani wamelala, mlango umefungwa. Hewa yake haina harufu na inaua familia nzima.

Oktoba mambo yanageuka. Nimepokea mtoto saa nane mchana, kavishwa sweta, kofia ya sufi na mablanketi mawili, mama anasema ana homa. Nikamvua, nikamnyonyesha, baada ya nusu saa kipimajoto kikasoma 37. Lakini angesoma 37.5 au zaidi baada ya kuvuliwa nisingemrudisha nyumbani, kwa mtoto wa umri huo homa si ya kutibiwa kwa panadol ya dukani.

Moshi wa kuni ndani ya tembe ni adui mwingine. Mpikie nje, au umpe mzazi chumba kisicho na jiko. Vumbi la upepo wa miezi ile na nzi vinaleta macho mekundu. Macho ya mtoto yafutwe kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa, kitambaa kimoja kwa jicho moja. Yakivimba na kutoa usaha siku za mwanzo, huo ni ugonjwa wa haraka, siyo "uchafu wa uzazi". Walale ndani ya chandarua kile alichopewa kliniki, nimeshakikuta kimefunika vifaranga.

Mtoe mlangoni

Nyumba nyingi dirisha ni dogo, ndani giza. Kila asubuhi mtoe mtoto mpaka mlangoni penye mwanga umtazame mwili mzima. Tazama umanjano: kwa ngozi yetu angalia weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Umanjano wa macho kuanzia siku ya 2 au 3 ni wa kawaida kwa wengi. Ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika viganjani na nyayoni, apelekwe siku hiyohiyo. Kumwanika juani hakutibu huo.

Kisha hesabu pumzi, akiwa ametulia, dakika moja nzima kwa saa ya simu. Tumbo likipanda mara moja, hesabu moja. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena, zikirudia, mpeleke. Mpeleke pia kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akikataa titi, akiwa haamki mpaka umfinye, akipata degedege, au kipimajoto kikisoma chini ya 35.5. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai hapa nchini hawafikishi mwezi. Wengi huondoka wiki ya kwanza, na mgonjwa wa umri huo halii sana. Anakuwa mpole. Wageni wanasifu, "mtoto wenu mtulivu".

Kuna yasiyoguswa kabisa. Utosi hauwekwi dawa. Ukibonyea sana, hanyonyi vya kutosha. Kimeo hakikatwi, wala "meno ya plastiki" hayang'olewi. Na la kwetu sisi Dodoma na Singida, nalisema bila kuzunguka: lawalawa, ugonjwa wa sehemu za siri ambao watu wanadai dawa yake ni kukeketa. Mtoto wa kike akiwashwa au akitoa uchafu sehemu za siri, ni fangasi au mkojo mchafu, unatibika kwa dawa na usafi. Kumkeketa hakutibu kitu, na tangu mwaka 1998 ni kosa la jinai kumfanyia aliye chini ya miaka 18. Zamani wakiwafanyia wasichana wakubwa kwa ngoma. Siku hizi wanawafanyia vichanga kimya kimya ili sheria isione. Ndiyo maana kliniki nafungua nepi mwenyewe.

Sahani na kichwa

Chakula sina mengi. Mzazi anayenyonyesha ale mlo mmoja zaidi ya kawaida yake, na anywe maji kila anapokaa kunyonyesha. Uji wa uwele wenye karanga, ugali na mlenda, dagaa, maharage, mayai, maziwa ya mgando, ubuyu. Hayo yote tunayo. Hakuna mwiko wa mayai. Vidonge vya kuongeza damu aendelee navyo miezi 3, asivimeze na chai.

Kichwa ndicho kinachosahaulika. Siku ya 3 hadi ya 5 wengi wanalia bila sababu wanayoweza kuitaja. Mpokee mtoto, mwache alale, inapita ndani ya wiki mbili. Isipopita, au akawa halali hata mtoto akiwa amelala, hataki kumshika, anasema afadhali afe, au anasikia sauti, huo ni ugonjwa na una tiba hospitali. Siyo uvivu wala majini. Usimwache peke yake na mtoto mpaka aonwe.

Akilalamika kichwa kinamuuma sana na macho yanaona vimulimuli, usimpe panadol alale, apelekwe hospitali. Presha ya uzazi inaweza kupanda na kuleta kifafa hata baada ya kujifungua, mpaka wiki 6. Vivyo hivyo akikosa pumzi, mguu mmoja ukivimba na kuuma, homa yenye kutetemeka, au mkojo ukimvuja asiweze kuuzuia.

Baba, sheria ya ajira inampa mkeo siku 84 za likizo, 100 kwa mapacha, na wewe siku 3. Nimemwona anayezimaliza zote tatu baa akipongezwa. Subiri wiki 6 kabla ya tendo, na mje wote wawili kuzungumza uzazi wa mpango. Miaka miwili ipite kabla ya mimba nyingine. Kunyonyesha kunakinga kama mtoto hajafika miezi 6, hapewi chochote ila titi, mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, kinga imekwisha.

Gari na kadi

Kurudi kituoni ni mara nne: ndani ya saa 48, kati ya siku ya 3 na 7, kati ya siku ya 8 na 28, na kati ya siku ya 29 na 42. Kama hakupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio alipozaliwa, apewe hudhurio la kwanza. Njooni na kadi zote, ya mama na ya mtoto.

Ikiwa ni dharura piga 115, bure, ni namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura. Inamhusu mjamzito, aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto wa hadi siku 28. Sema kijiji, alama ya karibu, na unachokiona: "amelowanisha vitambaa viwili kwa saa moja" inaeleweka kuliko "hali mbaya". Gari la wagonjwa likiwa mbali wanatuma dereva wa jamii ambaye analipwa na serikali, kwa hiyo usipoteze saa ukizunguka kuchangisha nauli. Andika namba hiyo ukutani kwa mkaa, simu ina tabia ya kuwa na aliyetoka.

Usiku tundika tochi msumarini karibu na kitanda chake. Saa nane ukiamka kwenda haja, pita kwake. Mulika kitambaa, siyo uso. Gusa tumbo la mtoto kwa mgongo wa mkono, sikiliza pumzi. Mwulize mzazi kama kichwa kinauma na usubiri jibu la pili, la kwanza litakuwa "nzuri". Kisha rudi ulale, alfajiri una ndoo mbili za kufuata kisimani.